Hukumu ya wawili, njia ya wote: mashauri ya Kongo mbele ya tribunali ya La Haye

Watu wengi hupima hukumu ya tribunali kwa ulizo moja tu: nani ameshinda, nani ameshindwa? Inchi yetu ya Kongo imesimama mara kadhaa mbele ya Tribunali ya Haki ya Mataifa, yenye kukaa La Haye katika Uholanzi. Mwaka 2002 iliishinda Ubeleji. Mwaka 2005 iliishinda Uganda. Mwaka 2006, katika shauri lake na Rwanda, ilirudishwa mlangoni. Mwaka 2010 ilishindwa na Guinea. Wenye kuhesabu hivi wanasema: mara mbili juu, mara mbili chini, basi maneno yamekwisha.

Sisi tunasema kwamba maneno hayakwisha, na hesabu ile haitoshi. Hukumu ya La Haye inafanya kazi mbili. Kwanza inakata shauri la wawili waliosimama mbele yake. Kisha inaingia katika sheria ya mataifa, na tangu siku ile inatumiwa na watu ambao hawakuwako. Kazi ya kwanza inategemea mamlaka ya tribunali. Kazi ya pili inategemea kitu kingine, ndiyo nguvu ya sababu zilizoandikwa ndani ya hukumu. Tukizipima hukumu hizi nne kwa kipimo cha sababu, tutaona kwamba ushindi wetu wa 2002 ndio wenye sababu dhaifu kuliko zote, na kwamba pale tuliposhindwa sheria ilipata faida, nasi wenyewe tukaonja faida hiyo baadaye.

I. Maandiko yanasema nini?

Tribunali hii ilianza kazi mwaka 1946, ikarithi ile ya kwanza iliyofanya kazi tangu mwaka 1922. Ina waamuzi 15, wenye kuchaguliwa kwa miaka 9. Tusiichanganye na ile nyingine ya mji ule ule, ambayo watu wanaiita CPI, iliyomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa sababu ya kuwaingiza watoto katika vita vya Ituri. Ile inamhukumu mtu. Hii inahukumu mataifa tu, na kwa ukubali wao.

Katika Statuti yake vifungu viwili vinatuhusu. Kifungu 59 kinasema kwamba uamuzi hauna nguvu ya kufunga isipokuwa kwa wenye shauri, na kwa shauri lile tu. Kifungu 38 kinataja machimbuko ya sheria ya mataifa: mapatano, desturi ambayo mataifa yanaishika kama sheria, na kanuni za jumla za haki. Mwishoni kinataja hukumu za tribunali na mafundisho ya wataalamu, lakini hayo kama msaada tu wa kuitambua sheria. Kwa hiyo, kwa maandiko, mwamuzi wa La Haye hatungi sheria. Anaitafuta, anaitambua, anaitumia.

Wanaseminari watalikumbuka upesi neno hili, kwa maana Sheria ya Eklezya inasema karibu vile vile. Kanuni 16 §3 ya Kodi ya 1983 inafundisha kwamba maelezo ya sheria yanayotolewa kwa njia ya hukumu hayana nguvu ya sheria. Yanawafunga watu wale tu, katika jambo lile tu. Lakini kanuni 19 inaongeza kwamba sheria ikikosekana juu ya jambo fulani, lisilo la adhabu, tutazame pamoja na mengine namna ya kuhukumu ya Kuria ya Roma. Na mfano tunao. Kodi ya 1917 haikuwa na kanuni iliyosema waziwazi juu ya mtu ambaye, kwa sababu ya hali ya nafsi yake, hawezi kuibeba mizigo ya ndoa. Waamuzi wa Rota walikutana na watu wa namna hiyo, shauri moja baada ya jingine, wakaandika sababu zao. Na mwaka 1983 matunda ya kazi hiyo yakaingia katika kanuni 1095. Hakuna hata hukumu moja ya Rota iliyokuwa sheria. Lakini zote pamoja zimeizaa sheria.

Katika baraza la kijiji ni vivyo hivyo. Wazee wakikata shauri la mpaka wa shamba kati ya jirani wawili, hawakutunga sheria ya mashamba yote. Lakini mwaka ujao mwingine atakuja na shauri lake, atasema: «Wazee wangu, fulani mlimkatia hivi, mimi kwa nini mnikatie vingine?» Hapo wazee hawawezi kunyamaza. Wafuate njia yao ya zamani, ama waonyeshe tofauti iko wapi. Hukumu ya kwanza haikuwafunga, lakini inadai jibu. Hivyo ndivyo hukumu ya wawili inavyogeuka kuwa njia ya wote. Tribunali ya La Haye nayo haifungwi na hukumu zake za zamani. Lakini inazitaja karibu kila mara, na ikitaka kuacha njia yake inajua kwamba itaulizwa sababu.

II. Ushindi wa 2002

Tarehe 11 Aprili 2000, mwamuzi mchunguzi wa Bruxelles alitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa wakati ule ministri wa mambo ya inje wa Kongo. Hati ilimshitaki kwamba mwezi wa Agosti 1998 alisema hadharani maneno ya kuchochea chuki juu ya Watutsi. Ubeleji ilitegemea sheria yake ya 1993, iliyogeuzwa mwaka 1999. Sheria ile iliwapa waamuzi wake uwezo wa kufuata makosa mazito ya vita na ya kuangamiza watu hata yakitendeka mbali na Ubeleji, hata mshitakiwa akiwa na cheo cha serikali. Kongo ilipeleka shauri La Haye katika mwezi wa Oktoba 2000.

Hukumu ilitolewa tarehe 14 Februari 2002. Kwa kura 13 juu ya 3, tribunali ilisema kwamba Ubeleji ilivunja sheria ya mataifa: ministri wa mambo ya inje, muda wote akiwa kazini, ana kinga kamili mbele ya tribunali za inchi nyingine, hata kama anashitakiwa makosa mazito kabisa. Kwa kura 10 juu ya 6, iliamuru Ubeleji iifute hati.

Sababu yake ni nini? Tribunali ilieleza kwamba ministri huyu anasafiri na kuongea kwa jina la serikali yake. Akiogopa kukamatwa njiani, kazi yake itazuiliwa. Hoja hii ina maana. Lakini inaonyesha tu kwamba kinga inafaa. Haionyeshi bado kwamba kinga ni desturi ya mataifa. Na tribunali ilikuwa inasema juu ya desturi. Tunajua kwamba desturi inathibitishwa kwa mambo mawili: matendo ya mataifa yenyewe, na usadikisho wao kwamba wanatenda hivyo kwa kufungwa na sheria. Tukitafuta matendo hayo katika hukumu, tunaona jambo la ajabu. Tribunali ilichungua sheria za inchi mbalimbali, na hukumu kama zile za Uingereza juu ya Pinochet na za Ufaransa juu ya Qaddafi, ili kuona kama makosa mazito yanaiondoa kinga ya ministri. Ikasema haikuona. Lakini ile kanuni yenyewe, kwamba ministri wa mambo ya inje anayo kinga kamili sawasawa na mkuu wa taifa, iliikubali bila kuitafutia ushuhuda wa namna ile ile. Mzigo wa kuthibitisha uliwekwa juu ya bega moja tu.

Christine Van den Wyngaert, aliyekaa kwa upande wa Ubeleji, aliligusa jeraha hilo katika maandishi yake ya kupinga. Ni kweli, maministri wa mambo ya inje walishitakiwa mara chache sana katika inchi za wengine. Lakini kutokushitaki hakuonyeshi bado kwamba mataifa yanajiona yamekatazwa kushitaki. Labda waliacha kwa adabu tu, labda kwa siasa. Kwa jambo hilo tunaona kwamba maneno yake yana nguvu kuliko ya wengi waliopiga kura ya kukubali. Hatusemi kwamba kinga yote ni mbaya: pasipo kinga, mwenye nguvu angewakamata wajumbe wa inchi ndogo apendavyo. Tunasema kwamba hukumu iliyogusa jambo kubwa namna hii ilipaswa kutoa ushuhuda wa kutosha.

Sasa tutazame safari yake. Mwaka 2003 Ubeleji iliiondoa sheria yake, kwa sababu ya hukumu hii na zaidi tena kwa kusukumwa na Marekani. Mwaka 2022 Tume ya Sheria ya Mataifa ya ONU, katika maandiko yake ya mapendekezo, iliweka ministri wa mambo ya inje pamoja na mkuu wa taifa na mkuu wa serikali kati ya wenye kinga ile kamili. Kwa hiyo desturi ambayo mwaka 2002 ilionyeshwa kwa ushuhuda haba, leo inapata ushuhuda, na sehemu kubwa ya ushuhuda huo ni hukumu yenyewe. Mkubwa akisema kwamba pahali fulani pana kisima, watu wakaja na majembe yao wakachimba, mwisho kisima kitakuwapo. Lakini hakikuwapo siku ile aliposema.

Hata hivi hukumu ile ilikuwa na neno jingine, nalo lilisafiri upande wa pili. Waamuzi walieleza kwamba kinga si ruhusa ya kutenda uovu, wakataja njia nne za kumfikia mtu wa namna hii. Ya kwanza ni tribunali za inchi yake mwenyewe. Ya pili ni serikali yake kumwondolea kinga. Ya tatu ni kutoka kwake kazini, kwa matendo ya kabla au ya baada ya cheo, na kwa yale aliyoyatenda wakati wa cheo kama mtu binafsi. Ya nne ni baadhi ya tribunali za mataifa zenye uwezo. Maneno haya hayakuhitajiwa ili kukata shauri la Yerodia. Ni obiter dictum. Lakini tarehe 31 Mei 2004 tribunali ya pekee ya Sierra Leone iliishika njia ya nne ili kukataa kinga ya Charles Taylor, aliyeshitakiwa akiwa bado prezidenti wa Liberia. Mwaka 2012 Taylor alihukumiwa miaka 50 ya kifungo. Hukumu iliyomlinda ministri ikawa ngazi ya kumfikia prezidenti. Wale waliofurahi Kinshasa mwaka 2002 hawakuliona jambo hilo, wala wale waliohuzunika Bruxelles.

III. Kushindwa kwa 2006 na kwa 2010

Katika shauri lake juu ya Rwanda, Kongo ilitegemea, pamoja na mapatano mengine, yale ya 1948 juu ya kuangamiza makabila. Kifungu 9 cha mapatano hayo kinaipa tribunali ya La Haye uwezo wa kuhukumu. Lakini Rwanda, ilipoyakubali mapatano, ilikuwa imesema kwamba haikubali kifungu kile. Kongo ilijibu kwamba katazo la kuangamiza makabila ni sheria ya juu kabisa, ile inayoitwa jus cogens, ambayo hakuna taifa linaloweza kuikwepa. Basi kukataa kifungu 9 hakuna nguvu.

Tarehe 3 Februari 2006 tribunali ilijibu maneno mawili. La kwanza: ndiyo, katazo hilo ni jus cogens bila shaka. Ilikuwa mara ya kwanza tribunali hii kusema hivyo waziwazi juu ya kanuni fulani. La pili: hata hivi, ukubwa wa kanuni hauwezi peke yake kuipa tribunali uwezo wa kuhukumu, kwa maana uwezo huo unatoka katika ukubali wa mataifa. Kwa hiyo shauri halikusikilizwa.

Kwa watu wa Kongo ya mashariki jibu hili lilikuwa chungu. Ni kama mgonjwa anayeambiwa kwamba ugonjwa wake ni mkubwa kabisa, na kwamba mlango wa hospitali umefungwa. Lakini tukisoma kwa utulivu tunaona kwamba sababu zimesimama vizuri. Ulizo la kwanza ni: kitu gani kimekatazwa? Ulizo la pili: nani ana uwezo wa kuhukumu? Mwenye kuyachanganya atapata ushindi wa siku moja, na tribunali ambayo hakuna taifa litakaloiamini kesho. Kosa la kufunga mlango ni la mataifa yanayotia sahihi kwa mkono mmoja na kufunga kwa mkono wa pili. Rwanda yenyewe iliondoa katazo lake juu ya kifungu 9 mwaka 2008. Tofauti ile kati ya kanuni na uwezo ilirudi mwaka 2012 katika shauri la Ujerumani na Italia, nalo neno juu ya jus cogens linatajwa mpaka leo. Kongo haikupata kitu siku ile; sheria ya mataifa ilipata.

Shauri la Guinea ni dogo kwa kulitazama. Ahmadou Sadio Diallo, mfanya biashara wa Guinea, alikaa Kongo tangu mwaka 1964. Alikuwa na makampuni mawili, akadai deni kwa serikali na kwa makampuni makubwa. Akakamatwa, akafungwa muda mrefu bila kupelekwa mbele ya mwamuzi, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa katika inchi. Mwaka 2010 tribunali ilikata kwamba Kongo ilivunja haki zake: hakupewa nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa, wala hakuelezwa haki yake ya kuwaita wajumbe wa inchi yake. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa dola 95.000, ndiyo 85.000 kwa maumivu ya nafsi na 10.000 kwa vyombo vyake vilivyopotea.

Wengine walicheka: tribunali kubwa namna hii, kwa shauri la mtu mmoja! Kumbe hapo ndipo sheria ilikua. Tangu shauri la Mlango wa Corfu mwaka 1949, tribunali haikuwa imepima tena yenyewe kiasi cha malipo ya hasara. Ilipaswa kueleza: maumivu ya nafsi yanapimwa namna gani? Ushuhuda ukikosekana kwa sababu mtu alifukuzwa bila kuchukua karatasi zake, tufanye nini? Ilijibu kwamba mwamuzi anaweza kukadiria kwa haki na kiasi, na kwamba asimdai mfukuzwa karatasi ambazo mfukuzaji ndiye mwenye kuzishika. Tena ilisema kwamba maelezo ya Kamati ya ONU ya haki za watu yapewe uzito mkubwa. Sababu ni wazi na zimeandikwa kwa utaratibu. Tuliposhindwa hivi, tulifundishwa kanuni mbili za haki: usimfukuze mtu bila kumsikiliza, wala usidai kwake karatasi ulizomzuia kuzichukua.

IV. Uganda: 2005 na 2022

Sasa tunaweza kulisoma vema shauri la Uganda, lililo kubwa kuliko yote. Tarehe 19 Desemba 2005 tribunali ilisema kwamba Uganda ilivunja katazo la kutumia silaha. Kwamba katika Ituri ilikuwa mtawala mvamizi. Kwamba ilipaswa kuwa macho juu ya askari wake na pia juu ya makundi mengine yenye silaha pahali pale. Na kwamba mapatano ya haki za watu yanalifuata taifa hata linapotenda inje ya mipaka yake. Maneno haya yamekuwa shule kwa wote wanaochungua sheria ya uvamizi. Kongo nayo ilionekana kuwa na kosa, kwa sababu ya kuwatendea vibaya wajumbe wa Uganda na nyumba yao ya ubalozi Kinshasa. Na ni vema kwamba hukumu haikulificha.

Lakini tuna mambo mawili ya kulaumu. Juu ya mali ya udongo, Kongo ilikumbusha kanuni kwamba kila taifa ni bwana wa utajiri wa inchi yake. Tribunali ilikubali kwamba ni kanuni ya desturi, kisha ikasema kwa maneno machache kwamba haihusu unyang'anyi unaofanywa na askari. Uganda ilihukumiwa kwa unyang'anyi huo kwa njia ya sheria ya vita tu. Kwa nini kanuni ile isihusu? Hatukuelezwa vya kutosha.

La pili ni zito zaidi. Uganda ilisema kwamba ilijitetea juu ya makundi yaliyoishambulia kutoka Kongo. Tribunali ilijibu kwamba mashambulio yale hayakutoka kwa serikali ya Kongo, na kwamba haikuhitaji kusema kama, na kwa masharti gani, taifa linaweza kujitetea juu ya mashambulio makubwa ya makundi yasiyo ya serikali. Waamuzi Kooijmans na Simma waliilaumu kwa kimya hicho, na sisi vilevile. Ndilo ulizo lililo hai kuliko yote katika mipaka yetu ya mashariki. Kimya cha mwamuzi nacho kinaunda sheria, kwa maana kinaacha uwanja kwa yule anayeongea kwa bunduki.

Ikabaki hesabu ya malipo. Kongo ilidai zaidi ya dola miliari 11. Ilisema kwamba raia 180.000 walikufa. Tarehe 9 Februari 2022 tribunali ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliokufa na kuumizwa, milioni 40 kwa nyumba na vyombo, milioni 60 kwa mali ya inchi. Ilikadiria kwamba wafu ambao Uganda ilipaswa kuwalipia ni kati ya 10.000 na 15.000. Malipo yagawanywe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka. Na Uganda ililipa sehemu ya kwanza katika mwezi wa Septemba 2022.

Tuangalie sababu. Kwa Ituri, tribunali iliutwika mzigo mtawala mvamizi: Uganda ndiyo ilipaswa kuonyesha kwamba hasara fulani haikutoka katika uzembe wake. Kwa Kisangani, pahali ambapo majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana katika mwezi wa Juni 2000, Kongo ndiyo ilipaswa kuthibitisha. Tena, kwa kuwa ushuhuda wa kila mmoja haukupatikana, tribunali ilikadiria jumla kwa haki na kiasi, ikitaja kati ya nyingine hukumu ya Diallo. Tazama basi: kanuni iliyoandikwa juu yetu kwa dola 95.000 ilirudi ikatusaidia kupata milioni 325. Ndiyo maana tulisema kwamba kuhesabu ushindi na kushindwa hakutoshi.

Pamoja na hayo lawama inabaki. Msomaji hawezi kujua namna gani waamuzi walifika kwenye milioni 225. Wanataja hesabu mbalimbali, kisha wanatoa jumla. Atakayekuja kesho na vita vingine hatapata ndani yake kipimo cha kushika.

V. Maneno ya wapinzani

Wengine watasema: «Tribunali hii haina askari; mwenye nguvu ataifuata akipenda.» Tunajibu kwamba ni kweli kwa nusu. Mwaka 1986 tribunali iliihukumu Marekani kwa ajili ya Nicaragua, na Marekani haikulipa. Lakini hukumu ile ikawa msingi wa mafundisho juu ya kutumia silaha, na mwaka 2005 iliegemewa katika shauri letu na Uganda. Aliyekataa kulipa hakuweza kuzifuta sababu zilizoandikwa.

Wengine watasema: «Nani aliwapa watu 15 ruhusa ya kuwatungia mataifa sheria?» Hoja hii ina uzito. Afrika inakumbuka mwaka 1966, Ethiopia na Liberia waliposhitaki Afrika ya Kusini kwa ajili ya inchi ambayo leo ni Namibia. Kura zilikuwa 7 kwa 7, na kwa kura ya prezidenti wa tribunali shauri lilitupwa. Lakini sababu zake zilikosolewa pande zote, na mwaka 1971 tribunali ile ile ilitangaza kwamba kukaa kwa Afrika ya Kusini katika Namibia ni kinyume cha sheria. Hukumu yenye sababu mbovu inaweza kushindwa na sababu bora, ilimradi wako watu wa kuisoma na kuikosoa.

VI. Neno kwa wasomaji wetu

Kwa hiyo, mkisikia hukumu mpya ya La Haye, ulizeni maneno matatu: inamfunga nani? sababu zake ni zipi, na ushuhuda wake uko wapi? nani ameitumia baadaye? Ulizo la kwanza linajibiwa siku ya hukumu. La tatu linataka miaka.

Na juu ya ushuhuda tuna neno kwa mapadri na wakatekista wa vituo vya mbali. Katika hukumu ya 2022 inaonekana mara nyingi kwamba karatasi za kuonyesha nani alikufa, wapi, na siku gani, hazikutosha. Kanuni 535 inaamuru kila parokia iwe na kitabu cha wafu pamoja na kile cha ubatizo na kile cha ndoa. Katika vituo vingi kitabu cha ubatizo kinatunzwa vizuri, lakini kile cha wafu kina kurasa nyeupe, na wakati wa vita ndipo zinapozidi kuwa nyeupe. Mkatekista anayeandika jina la marehemu, kijiji chake, siku yake na namna alivyokufa, anatimiza kwanza wajibu wake kwa marehemu na kwa jamaa yake. Lakini waamuzi nao wanahitaji maandishi kama hayo. Kati ya 180.000 na 15.000 kuna watu wengi sana, na kama tungekuwa na majina yao hesabu isingekuwa ya kukisia.